Askari Aliyesema kwa Sauti Yako

Papa Bahati, mwalimu wangu,

Kesi ya Sifa imeisha. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye uliyeianzisha, na kwa sababu naogopa kumweleza mtu mwingine namna ilivyoisha.

Tangu homa ikuchukue, mimi ndiye mkalimani hapa Lushebere. Wanajeshi wageni uliowakalimania wameondoka. Kambi yao imebaki majani na ukungu, na hata mbuzi hawapandi kule.

Unakumbuka siku ya mazishi ya Sifa? Ulimweleza mama yake kwamba kuna mkataba, kwamba tribunal yetu, mahakama ya hapa, haiwezi kumgusa askari wao, atahukumiwa kwao. Akakuuliza, "Sasa mutoto wangu aliuawa kwao ao kwetu?" Ukachukua koleo, ukaanza kufukia kaburi.

Ulipokufa, wakili wetu alituambia affaire, yaani kesi, itaanguka. Wewe peke yako ulisimama kando ya yule askari kwenye kizuizi chao cha barabarani siku alipompiga Sifa risasi, ukamsikia akikiri kwa lugha yake, bunduki ikiwa bado inafuka moshi.

Wiki iliyopita walituita kwenye salle ya paroisse, ukumbi wa kanisa. Mahakama ilikuwa kwao, sisi tukawatazama kwenye ekran, kioo cha video. Askari amekonda, Papa. Wakili wake alishasema: alidhani Sifa amebeba silaha. Jaji akamwambia athibitishe.

Alifungua kinywa, kikakaa wazi. Kisha akakohoa kidogo, vile ulivyozoea, akasema:

"Niliona ni kuni. Nikapiga tu."

Kwa Kiswahili. Yeye ambaye miezi yote aliyokaa hapa hakujua hata kusema "jambo"! Na ile sauti ya kuvuta maneno, ya watu wa kwenu Itebero... Mama Sifa alinishika mkono hadi kucha zikaingia. "Yesu wangu. Huyu iko Bahati."

Jaji akaniuliza mshtakiwa amesema nini. Mimi, mtoto wa Masisi, niliwakalimania maneno ya askari wao wenyewe. Ulipokuwa ukinifundisha uliniambia, "Usiseme 'anasema'. Sema 'mimi'." Nikasema: mimi niliona ni kuni.

Walimuuliza tena kwa Kiingereza. Akalia, akakubali kwamba aliona ni kuni. Halafu akaniangalia mimi. "Yule mtu wenu aliyesimama kando yangu, mwambieni aache. Ananisemea sikioni kila siku."

Nikamjibu kwamba ulishakufa.

Hakushangaa. Aligeuza kichwa polepole, akatazama kando yake, mahali pasipo na mtu, akasogea kidogo kama anayekupisha.

Jana wakili wetu alituletea hukumu: amefungwa, huko kwao. Mama Sifa alisikiliza mpaka mwisho. "Njo vile, ni hivyo tu," akasema, akachukua jembe, akaenda kwenye maharagwe yake. Nilimwona kwa mbali akilima, akisimama, akilima tena.

Papa, umefanya kazi yako. Mwache sasa. Nafikiria ulivyo mbali, katika nchi ya baridi, kati ya watu wasiojua jina la mama yako, na hakuna hata mmoja wa kukukalimania.

Mvua zikipungua nitaenda Itebero, kwa miguu ikibidi. Mama Sifa amesema tutaenda wote. Kwenu bado wapo wazee wanaojua kumwita mtu aliyepotea njia. Nitawaomba wakuite kwa lugha ya kwenu. Ukisikia, usijibu kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili.

Rudi tu.

Mwanafunzi wako,
Neema