Kwa Mzee Harish, Aliyetutafsiria Vikao

Mzee Harish,

Shikamoo. Nimeiandika nikasita, maana hakuna wa kuitikia, lakini sijawahi kuanza kuzungumza nawe bila hiyo na leo sitaweza.

Ni Jumamosi, niko peke yangu hapa karakana yetu ya pampu, Lidcombe. Jana tuliwaachisha kazi watu saba. Nimechoka, Mzee. Siyo ule uchovu wetu wa kushusha kontena zilizotoka bandari ya Port Botany siku ya joto, wa kuoga ukalala ukaisha. Huu ni wa kusema. Miezi minane tangu utuache nimesema mambo ambayo miaka tisa sikuyasema, na mengi yanakuhusu wewe. Ndiyo maana nakuandikia. Sitaki yabaki kuwa maneno niliyoyasema nyuma yako.

Unakumbuka ulivyonipata? Nilikuwa na miezi mitatu tu tangu nifike kutoka kambini Kibondo, nafunga maboksi ya pampu, Kiingereza changu hakijai kikombe. Nikamwambia mwenzangu Deo kwa Kiswahili kwamba kanda ya kufungia tuliyopewa ni mbovu na aliyeinunua hajawahi kufunga boksi. Sauti ikatoka nyuma yangu: "Niliyeinunua ni mimi." Nilijua kazi imekwisha. Nikageuka nikaona Mhindi mwenye mvi, miwani kwenye paji la uso, anacheka. Ulikuwa umeondoka Mwanza ukiwa kijana, na Kiswahili chako kilikuwa bado cha Mwanza. Wiki iliyofuata kanda ilibadilishwa, na mimi nikaanza kufundishwa kusoma oda. Baadaye kupanga shifti. Baadaye kuongea kwenye simu na wakulima wa huko bara ambao pampu imezima na ng'ombe hawana maji. Ukanifanya meneja wa karakana, mimi Esperansi, niliyekuwa naogopa hata kupokea simu.

Kwa hiyo usidhani niliyafanya haya kwa wepesi.

Nianze na kikao cha kwanza bila wewe. Unajua vilivyokuwa: saa tisa alasiri ya huku, asubuhi ya Rajkot, kwenye makao makuu. Kule kwenye skrini Mwenyekiti, yaani binamu yako, pamoja na mwanawe Paresh. Huku Fiona wa ule mfuko wa uwekezaji ulionunua theluthi ya hisa. Katikati wewe, kwa sababu Mwenyekiti hapendi kujadili mambo ya kampuni yake kwa Kiingereza. Yeye anasema kwa Kigujarati, wewe unatafsiri. Mimi pembeni yako, nawasha skrini na kuandika waliohudhuria.

Safari hii aliyetafsiri alikuwa Komal, binti yake Mwenyekiti, aliyekaa kando yake kule Rajkot. Fiona akatoa pole, kisha akauliza kwa upole kama ratiba ya makabidhiano bado iko palepale: mkurugenzi mkuu kutoka nje ya familia aajiriwe mwakani, na baada ya hapo hisa zipelekwe sokoni. Komal akatafsiri kama alivyosikia. Mwenyekiti akauliza swali moja, na Komal akalitafsiri akiwa ameinamisha macho: makabidhiano gani?

Mzee, niliweka kalamu chini.

Fiona akasema walikubaliana, miaka sita sasa, na kumbukumbu za vikao anazo. Mwenyekiti akasema na yeye anazo, na ndani yake wawekezaji wameridhika kabisa Paresh arithi kiti, hawana haraka na mtaji wao. Kila mmoja alikuwa anasema kweli. Kumbukumbu za Kiingereza ulikuwa unampelekea Fiona, za Kigujarati unazipeleka Rajkot. Mara nyingi nilizituma mimi, kwenye kompyuta hii hii, ukinisomea anwani huku unakunywa chai. Komal alikaa nazo wiki nzima, ukurasa kwa ukurasa. Ukizilinganisha, ni kama za vikao viwili tofauti.

Miaka sita, Mzee. Pande mbili zilizokuwa hazikubaliani juu ya jambo kubwa kuliko yote, nani ataiongoza kampuni na mwekezaji atatokaje, zilikuwa zinapeana mikono kila robo mwaka kwa sababu katikati yao ulikuwa umekaa wewe.

Nilikasirika. Wiki mbili sikuweza kuitazama picha yako pale juu ya friji. Kisha hasira ikageukia kwangu, kwa kuwa kweli ni kwamba nilikuwa najua. Si yote. Lakini Kigujarati cha ghalani nilikuwa nacho, na neno la hapana ni neno la kwanza mtu kujifunza kazini. Nililisikia likitoka kwa Mwenyekiti zaidi ya mara moja, halafu nikakusikia ukimwambia Fiona kwamba Mwenyekiti anathamini pendekezo lake na anaomba muda. Siku ile alipopiga meza, nilikuuliza baada ya kikao mbona vile. Ukaniambia, "Alikuwa anafukuza nzi." Tukacheka mpaka ukavua miwani. Nilicheka na nilijua si nzi.

Na najua kwa nini ulifanya. Uliwahi kuniambia, siku tulipohamia kwenye jengo hili kubwa: "Hawa wakigombana, binti, wa kwanza kufungiwa milango ni sisi." Ulikuwa unahesabu watu kumi na wawili wa karakana, na kila mwaka uliopita bila ugomvi ni mwaka ambao Deo na wenzake walikwenda nyumbani na kazi. Sikulaumu kwa hilo. Ninakulaumu kwa kutobakiza njia ya kutoka. Ulidhani ungeishi daima ukitafsiri?

Komal alinipigia simu siku chache kabla ya kikao cha pili. Ni msichana mwema, ana adabu, ananiita dada. Akasema wanasheria wa kila upande wanauliza jambo moja tu: Harish alikosea, au alijua? Kama ni makosa ya lugha ya mzee aliyechoka, basi hakuna aliyedanganywa, watu wataanza upya na jina lako litabaki safi. Kama alijua, basi mkurugenzi wa kampuni, tena ndugu wa familia, alimdanganya mwekezaji, na familia itabebeshwa mzigo huo. Akasema mtu pekee aliyekuwa chumbani kila mara ni mimi. "Sikuombi useme uongo, dada," akasema. "Nakwambia tu uzito wa kila jibu."

Nikamwambia nitafikiri. Jumapili baada ya ibada sikurudi nyumbani Auburn na watoto. Nilikwenda kwa Mama Nalini.

Sikutaka mkeo alisikie kwa watu. Nilimweleza nikiwa bado sijavua koti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda jikoni, akarudi na chai na sahani ya vitafunio vya chevdo, akaketi. Nilikuwa nasubiri alie au anifukuze. Akasema kwa Kiswahili chenu kile: "Hata hapa nyumbani alikuwa hivyo. Aliwaambia watoto mimi nimekubali tuiuze nyumba ya Mwanza. Akaniambia mimi watoto wamekubali. Hakuna aliyekubali."

Nikamuuliza aligundua lini. Akasema alijua tangu siku ile ile, ila alikuwa amechoka kugombana, na wewe ulikuwa na furaha sana kwamba wote mmepatana. Kisha akanitazama, akasema: "Mimi nilinyamaza na nyumba ikaenda. Wewe usinyamaze kwa ajili yangu."

Basi kwenye kikao nilisema. Kiingereza kilinikimbia kidogo, lakini nilisema. Nilisema ulikuwa unajua ulichokuwa unafanya. Nilisema sikuamini hata mara moja ulifanya kwa faida yako, ulifanya kwa kuogopa ugomvi na kwa kuwaogopea wafanyakazi. Nikasema na mimi nilikuwa nasikia baadhi ya hapana zile na sikufungua mdomo, kwa hiyo kama kuna wa kulaumiwa aliye hai, nipo hapa.

Fiona alikuwa anaitazama kalamu yake. Miaka yote alikuwa ameitetea familia mbele ya wakubwa wake kwa ahadi uliyompa, na nasikia ilibaki kidogo tu afukuzwe kazi. Yeye pia ni mtu wako, Mzee. Kila mwaka ulimpelekea maembe ya kopo kutoka Gujarati.

Kisha Mwenyekiti akamgusa Komal mkono, asitafsiri. Akaegemea mbele mpaka uso ukajaa skrini, akasema kwa Kiingereza chake cha polepole: kiti ni cha familia. Hapana, hatakitoa. Samahani, lakini hapana.

Nilifumba macho. Nilisubiri lile uliloliogopa miaka sita.

Fiona akasema asante. Akafungua daftari, akaandika. Akauliza kama ni hivyo, familia ingekuwa tayari kuzinunua hisa za mfuko kidogo kidogo. Mwenyekiti akasema hilo linazungumzika. Wakapanga siku. Ndivyo ilivyokuwa, Mzee. Neno lile ulilolibeba kifuani mpaka moyo ukachoka, walipolisikia wenyewe waliinama wakaendelea na kazi. Nimelia kwa ajili hiyo kuliko nilivyolia siku tulipouchoma mwili wako kwa desturi yenu.

Sitaki nikudanganye kwamba mambo yameisha vizuri. Wanasheria walikula miezi. Mfuko unaondoka taratibu, na bila mtaji wao Rajkot haiwezi kubeba jengo hili. Pampu sasa zitakuja zimeshaunganishwa kule, huku zibaki vipuri na matengenezo. Kati ya kumi na wawili tumebaki watano. Kwa hiyo ulikuwa sahihi, waligombana na sisi ndio tuliokaribia kufungiwa milango. Lakini najiuliza, wangesema ukweli mwaka ule wa kwanza, tusingekodi jengo kubwa hivi, tusingeajiri watu tusiokuwa na uwezo wa kuwabakiza. Sijui. Nimelizungusha kichwani mpaka limepoteza maana.

Jana niliwaita mmoja mmoja. Sikutumia barua. Deo alikuwa wa mwisho. Nilimwambia moja kwa moja, kazi imekwisha, na nikamweleza kwa nini, pamoja na sehemu yangu. Akauliza kama Mzee Harish angeruhusu hili. Nikamwambia angejaribu kulizuia kwa kila njia, na ndivyo tulivyofika hapa. Akanipa mkono. Hakusema amenisamehe. Binti yake alikuwa anamsubiri nje ndani ya gari, akanipungia na kuniuliza kwa Kiingereza kama Jumatatu baba yake ataingia mapema.

Watatu nilikuwa nimeshawatafutia kazi kwenye maghala ya kule Port Botany kabla ya jana, nimewaandikia barua za sifa. Wiki ijayo nitakwenda na mwingine kwenye usaili. Waliobaki bado nawatafutia.

Komal ameniomba niwe kiungo kati ya Rajkot na huku. Cheo hakina jina bado. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba kila anayezungumza azungumze mwenyewe, hata kama ni kwa shida, na mimi nisitafsiri mtu yeyote.

Nisikuchoshe. Hii ndiyo ahadi yangu, ni ndogo: kila Jumapili nitapita kwa Mama Nalini, na akiniuliza habari za kampuni nitamwambia zilivyo, nzuri na mbaya, bila kuzilainisha. Na Deo nitamtafutia kazi hata ichukue mwaka.

Msamaha wako siuombi. Wangu nimekupa sehemu kubwa. Iliyobaki bado inauma, na kama ningekwambia imekwisha, ningekuwa nimekutafsiria.

Kwaheri, Mzee wangu. Pumzika. Huku tunagombana wenyewe sasa.

Binti yako,
Esperansi