Kisanduku cha Yosobei wa Kumi na Tatu

Jumamosi, 14 Oktoba 2023

Amerudi. Na gari jeupe, na mke, na mashine ya kahawa kubwa kama jokofu. Takanori mdogo wangu, miaka yote hiyo yuko Tokyo anatengeneza masanamu ambayo hata paka hawezi kuyalalia, leo anashuka garini anavuta pumzi — aah, harufu ya udongo wa nyumbani! Udongo gani? Jirani alikuwa ananyonyewa choo.

Baba akatoka mpaka kibarazani. Siku hizi haoni ila mwanga na vivuli. Akampapasa uso mwanawe kama anavyopapasa jagi kutafuta ufa. Kisha akatangaza, kwa sauti ya mtu anayeomba apewe chumvi: mwezi ujao jina la wafinyanzi wa nyumba hii linahama. Yeye, Yosobei wa kumi na mbili, anapumzika. Takanori anakuwa Yosobei wa kumi na tatu. Bwana Kuramochi wa Fukuoka, anayeuza vyombo vyetu, keshatenga ukumbi wa maonyesho.

Nilikuwa nimeshika sinia la chai. Halikuanguka. Najipongeza.

Nilimfuata Baba jikoni wengine wakishusha mizigo. Na mimi je? "Wewe je nini?" Nikamwambia: tangu macho yako yaingie ukungu, nani anafinyanga mabakuli yanayouzwa kwa jina lako? Akacheka mpaka akakohoa. "Yosobei mwenye sketi! Marehemu wote kumi na mmoja watafufuka waje kucheka."

Nina miaka arobaini na minne. Sketi niliivaa mara ya mwisho shuleni.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimemkuta wifi yangu Eriko kwenye kona yangu ya karakana na futi kamba. Anapima. Anapima gurudumu langu, anapima rafu zangu, anapima dirisha! Nikamuuliza unapima jeneza la nani? Akatabasamu lile tabasamu lake la kutangaza sabuni. "Wifi, tunafikiria mgahawa mdogo hapa. Watu wanywe kahawa huku wakimtazama Takanori akifinyanga. Wewe utapumzika sasa, umechoka, maskini."

Maskini! Nimechoka lini?

Mchana Takanori akaja kukalia gurudumu langu bila hodi. Mimi ni mashoto, kwa hiyo langu linazunguka kinyume na yote ya nyumba hii. Swichi ya kugeuza mzunguko iko chini kabisa. Hakuangalia. Kaliwasha kwa mbwembwe, udongo wote ukamrukia tumboni.

"Dada, gurudumu lako lina wazimu!"

"Lina mwenyewe," nikamjibu.

Nimecheka peke yangu mpaka nimeosha vyombo nikicheka. Furaha ya kwanza tangu Jumamosi.

Ijumaa, 20 Oktoba

Kuramochi kaja. Keki za maharage matamu mkononi, meno yote nje. Anamwita Baba Mwalimu, na Takanori keshamwita Mwalimu Mdogo. Mimi ananiuliza: "Na mwandiko wako, Bibi Mitsue, bado mzuri vile vile?"

Kaleta kisanduku. Mbao nyepesi, nyeupe, hakina msumari hata mmoja. Ni cha bakuli la kwanza la Yosobei mpya. Kwetu bakuli halipigwi muhuri. Linatoka tanurini uchi, na uchi linabaki mpaka liingie kwenye kisanduku chenye maandishi ya brashi kifunikoni: ni chombo gani, cha nani. Bila kisanduku ni bakuli la kumlishia mbwa. Desturi nzuri sana hiyo — kwa wezi!

Na kisanduku cha kwanza kina desturi yake zaidi. Hicho tu hubeba pia jina ambalo Yosobei mpya alizaliwa nalo. Mara moja maishani, halafu jina hilo linazikwa. Kuramochi akaomba kuona cha Baba. Nikakishusha: "Bakuli la chai. Yosobei wa kumi na mbili, aliyezaliwa Genjiro." Wote wakainama kama wako kaburini. Eriko akapiga picha.

Ni mimi nitakayeandika hiki kipya. Nani mwingine? Visanduku vyote vya Baba nimeviandika mimi tangu macho yake yaharibike. Mwandiko mzuri — haya! Nikiwa na miaka sita alinifunga mkono wa kushoto kiunoni kwa kitambaa mpaka nikajua kushika brashi na vijiti kama watu. Kwenye gurudumu hakunifunga. Huko hakuona sababu. Nani alidhani nitafika popote?

Basi naandika kulia, nafinyanga kushoto. Na inaonekana. Geuza bakuli langu uangalie kitako: ule mchoro wa konokono unaoachwa na chuma cha kuchongea unaelekea kushoto. Ya wanaume wote wa nyumba hii inaelekea kulia. Mnunuzi hageuzi bakuli. Anasoma kisanduku. Kuramochi aligeuza moja mwaka juzi. Akaangalia kitako, akaniangalia mimi, akasema leo hali ya hewa nzuri.

Mfinyanzi hulia gaeni, wanasema. Mimi hata gae nimeandikiwa jina la mwingine.

Jumapili, 29 Oktoba

Tumepanga tanuri. Nimefinyanga kama mwendawazimu juma zima, na nasema bila haya: sijawahi kufinyanga vizuri hivi. Hasira ina faida. Kuna bakuli moja ambalo lilisimama lenyewe, ukingo umelegea kidogo kama mtu anayetaka kusema jambo. Niliogopa kuligusa tena.

Ya Takanori mazito kama matofali. Yeye mwenyewe anayaita yenye uzito wa historia.

Akachukua nafasi nzuri yote, mbele, karibu na mlango, pale moto unapopaka majivu vizuri. Ya kwangu kayasukuma nyuma kabisa, ukutani. "Yako yatasindikiza, Dada. Tunahitaji kujaza tanuri tu, joto lishike." Nikamtazama Baba. Baba alikuwa anakula tunda la kaki.

Nikayapanga nyuma. Sikugonga hata moja.

Alhamisi, 2 Novemba

Moto. Chumvi na pombe ya mchele juu ya tanuri, makofi mawili ya dua, Takanori kawasha kuni za kwanza akiwa kavaa nguo mpya za kazi zenye mistari ya pasi. Eriko anamrekodi. Mara mbili kamwambia rudia, mwanga haukuwa mzuri. Rudia! Moto una mazoezi siku hizi.

Baada ya chakula cha mchana kaenda kulala. Nimelisha kuni mimi. Baba kakaa kwenye kreti, anasikiliza moto kwa sikio moja, ananitukana: mbichi hizo, we Mitsue, unapika uji? Nyusi zangu zimeungua. Nilikuwa karibu na furaha.

Jumapili, 5 Novemba

Mjinga! Mjinga wa ukoo mzima!

Tanuri linapoa lenyewe. Hata mtoto wa kijiji hiki anajua. Unaziba, unaondoka, unalima vitunguu vyako, hulikaribii mpaka uweze kuweka kiganja mlangoni bila kulia. Leo nimetoka sokoni nakuta matofali ya mlango yako chini, na Takanori kavaa glavu, na Eriko na simu yake. Eti Kuramochi anataka picha za matangazo. Eti alitoa matofali machache tu.

Machache! Niliposimama pale nilisikia. Tii. Tii. Tii. Upepo wa Novemba umeingia ndani, na mabakuli yanapasuka moja baada ya jingine.

Eriko akasema, jamani, sauti nzuri, yanaimba!

Nikamsukuma Takanori kifuani, nikarudisha matofali kwa mikono mitupu. Nimeungua viganja. Hakuna aliyeniambia pole. Baba hajaambiwa. Takanori kaniomba nisimwambie. Kaniita Dadangu, jina ambalo hajaniita tangu tuko wadogo.

Kwa nini nimwambie Baba? Masikio anayo.

Jumatatu, 6 Novemba

Kufungua. Baba kwenye kreti mbele ya tanuri, nyundo mapajani. Ndiye peke yake anayeshika nyundo. Sisi tunampelekea, yeye anapapasa, anagonga kwa ukucha, anagusa ukingo kwa mdomo. Linaloishi analiweka kushoto. Lililokufa, nyundo.

Ya mbele kwanza. Ya Takanori. Ukucha wa Baba: tok. Sauti ya ubao. Nyundo. La pili, tok. Nyundo. "Hili limekufa. Na hili. Hili lilikuwa limekufa kabla halijazaliwa." Kuramochi alikuwepo na koti lake la sufu, anatazama viatu vyake. Takanori rangi ilimtoka. Eriko alianza kupiga picha vigae, halafu akaacha.

Baba akauliza, nani alifungua mlango?

Akarudia. Takanori akasema labda upepo. Upepo! Baba akanyoosha mkono apewe jingine.

Tukafika nyuma, ukutani, ambako baridi haikufika. Nikampa lile bakuli. Sikusema ni lipi. Akagonga — likaita, sauti ndefu, hata Kuramochi akainua kichwa. Baba akaligusa na mdomo. Akaligeuza. Akatia kidole gumba kwenye kitako.

Nilikiona kidole. Kilizunguka kwenda kulia, kikakwama. Kikarudi. Kikafuata konokono, polepole, kushoto, mpaka katikati. Kikakaa hapo.

"Hili," Baba akasema. "Hili ndilo la wa kumi na tatu."

Na Takanori akainama mpaka kichwa kikagusa magoti! "Asante, Baba." Kuramochi akapiga makofi. Eriko akalia machozi ya kweli, namhesabia hilo.

Ama mdogo wangu anajua kwamba si lake, ama hajui bakuli lake mwenyewe. Nimekaa hapa nikijiuliza lipi baya zaidi. Namchukia kwa yote mawili.

Alhamisi, 9 Novemba

Leo kisanduku kinaandikwa. Kuramochi yuko chini, anarudi Fukuoka nacho kwa treni ya saa nane.

Asubuhi nilimwendea Baba. Alikuwa anatafuna figili za kachumbari, kruu kruu, bila kunikaribisha. Nikamwambia unajua lile bakuli ni la nani.

"Macho sina."

"Vidole unavyo."

"Vidole ninavyo," akakubali. Kruu.

"Basi kwenye kisanduku niandike nani?"

"Nilisema mbele ya watu. Yosobei wa kumi na tatu. Hujui kuandika?"

"Aliyezaliwa nani, Baba?"

Akaweka vijiti chini. Akanigeuzia yale macho yake ya maziwa. Mdogo wako aliniuliza? akasema. Hakuuliza. Aliinama akachukua. Wewe umekaa katika nyumba hii tangu uzaliwe, unauliza tu, unauliza tu, kama mpangaji. Halafu: "Toka. Funga mlango, baridi inaingia."

Nimetoka nikitaka kumrushia lile bakuli la figili kichwani. Mzee mbaya. Mzee mbaya kabisa! Hawezi kunipa kitu bila kunitukana nacho. Na kama hakunipa kitu? Kama ni matusi tu, kama ya siku zote? Nimezunguka chumba kizima. Sijui. Akiulizwa mbele ya watu anaweza kusema, mimi kipofu, muulizeni mwandishi.

Nimesaga wino. Kisanduku kiko mbele yangu, bakuli pembeni yake, limelala kifudifudi, konokono wake anaangalia juu.

Nimeandika "Bakuli la chai". Nimeandika "Yosobei wa kumi na tatu, aliyezaliwa". Vizuri, mwandiko wa nyumba, hakuna wa kuukosoa. Hapo nimesimama. Naandika humu kwa penseli ili mkono usikae bure.

Takanori anaita kutoka chini. Dada, tayari? Bwana Kuramochi anasubiri! Naisikia mashine ya kahawa, keshaiwasha. Naisikia futi kamba ya Eriko ikijikunja, yuko kwenye kona yangu tena. Baba simsikii. Baba yuko kimya, na Baba hajawahi kuwa kimya mchana.

Takanori anapanda ngazi. Dada?

Mbao hii haifutiki. Ukigusa kwa brashi imekunywa wino.

Dada, unafanya nini humo?

Nimehamisha brashi mkono wa kushoto, uliolifinyanga bakuli hili, uandike jina lake.