Mama Mkwe Ataka Kuongezewa Muda

Hyattsville, Alhamisi, Novemba 1986

Nimejitakia mwenyewe. Mama mkwe aliniuliza chuoni nasoma nini, nikamweleza habari za fundi wa zamani aliyebuni mashine ya kuchambua sufu. Hataza yake, yaani haki ya kuiunda na kuiuza peke yake, ilipokaribia kwisha na wengine wakajiandaa kumwiga, Bunge la hapa lilimwongezea miaka.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Alilalamika kuwa bado hajafaidi jasho lake, Mama."

Akaweka kikombe chini. "Basi na mimi sijafaidi. Jumamosi siondoki."

Nilicheka, kisha nikaona mama mkwe hacheki. Chumba anacholala ndicho chenye meza yangu ya kuandikia, na tasnifu yenyewe bado…

Nikamgeukia mume wangu anitetee. Alikuwa ameshashika simu, anauliza kama tiketi inabadilishika.