Siku Waliyowaua Ng'ombe wa Hollins

Shambani Hollins, 3 Februari

Mwanangu Rosalind,

Hujambo? Mumeo naye hajambo? Mimi naendelea, goti tu linanisumbua kwa tope hili. Daktari wa mifugo amemaliza kupima. Ni kifua kikuu, na serikali imeamua ng'ombe wote thelathini na mmoja wafe. Alhamisi watapigwa risasi hapa hapa uani. Najua hatujazungumza vizuri tangu uliponiambia niwauzie shamba wajenzi wa nyumba. Hilo liache. Njoo tu usimame nami.

Baba yako

5 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Pole sana, nimelia. Lakini Alhamisi nina kikao London, na nikikosa siku moja bosi ananuna wiki nzima. Nitakuja Jumapili, lazima. Na kwa nini usipumzike sasa, Baba? Chumba kipo kwetu, na ni maili tisa tu.

Binti yako

14 Februari

Mwanangu,

Natumaini hamjambo. Walikuja saa mbili asubuhi. Mwenye bunduki alikuwa mtu wa adabu. Akaniambia, "Mzee, nenda ndani, washa redio." Nikamjibu, "Nimewazalisha mimi, nitawashika mimi." Marigold alikuwa na mimba ya miezi minane. Aligoma kutoka zizini mpaka nilipomwita jina. Akanifuata, Rosalind, kwa kuniamini.

Jumapili niliandaa sahani mbili.

Bi Pocock, jirani, ameichukua bunduki yangu ya kuwindia, ati akaitunze kwake. Nilimpa kabla hajamaliza kuomba. Bado naamka saa kumi na moja kwenda kukamua, halafu nakumbuka.

Baba yako

17 Februari, mezani kwako

Baba,

Barua yako nimeisomea kwenye treni, nimesimama, nimebanwa na makoti ya watu. Nimeshuka stesheni iliyofuata nikarudi mpaka huku kwako. Mlango wako nimeukuta wazi, jiko limepoa. Bi Pocock anasema amekuona ukishuka mtoni bila koti. Jumapili sikuwa na udhuru wowote. Niliogopa kuliona zizi tupu. Nakwenda kukutafuta. Ukirudi kabla yangu, tafadhali kaa hapa. Usiende popote.

Binti yako

Mwanangu,

Nakuandikia humu humu kwenye karatasi yako. Nilikuwa kando ya maji tangu alfajiri. Nimekusikia ukiniita, zaidi ya mara moja. Sauti ya kukuitikia haikutoka. Nikapanda kwa njia ya kanisani, ndiyo maana tumepishana. Hali yangu si nzuri, sikufichi. Lakini nimekaa.

Baba