Nje ya Masale

Njoro, Moshi
5 Oktoba 2025

Kaka Efraimu,

Shikamoo. Habari za Kahama na joto lake? Shemeji Gladys hajambo? Duka la spea linasogea? Sisi wazima, ila goti la Mama siku hizi linatabiri mvua kuliko redio.

Sasa kaa vizuri nikupe habari. Ile dunia yetu ya kwenye mchezo wa kompyuta nimeifanyia kazi! Si ulikuwa unalalamika kwamba kihamba chetu, shamba la ukoo la Mwika, tumekijenga tofali kwa tofali, migomba, zizi, mpaka kaburi la Baba, halafu kimekaa kwenye tambarare kama Kahama? Nimebadili mipangilio ya seva, ile inayoamua ardhi iumbwe vipi. Nimeinua milima, nimechimba mabonde. Tatizo, ardhi ambayo mtu ameshaikanyaga haiumbwi upya mpaka ile ya zamani ifutwe. Basi nikafuta. Usishtuke! Kila kilicho ndani ya masale, ile mimea ya mpakani, nimekiacha. Si ndivyo Baba alivyotufundisha, chetu kinaishia kwenye masale? Nje nimefagia kote. Ingia uone mlima ulivyosimama nyuma ya nyumba.

Mama anauliza kama Krismasi utapanda. Tangu tumzike Baba hujaja, na bila mchezo huu hata salamu tusingekuwa nazo.

Mdogo wako,
Godbless

Kahama
7 Oktoba 2025

Mdogo wangu Godbless,

Marahaba. Hatujambo, Gladys anawasalimia. Mpe Mama pole ya goti.

Nimeingia. Mlima ni mzuri, sikatai. Nimevuka mfongo, ule mfereji wa maji, nikapanda, nikashuka, nikarudi tena. Nyumba yangu haipo.

Ilikuwa ng'ambo ya mfongo, nje ya masale. Nyumba ya mawe, yenye kibaraza na jiko la Gladys. Nimeijenga tangu mwaka jana, kidogo kidogo, nikishafunga duka. Nilisema nikimaliza paa nitakuita uione.

Utaniuliza kwa nini nje. Isack ni wa kwanza, akapewa shamba la chini. Wewe kitindamimba, ukaachiwa kihamba pamoja na Mama. Mimi wa katikati nilipewa nauli na baraka. Ndiyo mila, na siku ile sikufungua mdomo. Lakini kujenga ndani ya masale yako niliona aibu, hata kwa mchezo.

Krismasi mwambie Mama duka lina kazi nyingi.

Kaka yako,
Efraimu

Njoro, Moshi
8 Oktoba 2025

Kaka Efraimu,

Shikamoo. Sijui hata nikuulize habari gani.

Nisamehe, kaka. Sikujua kama ni yako. Nimekesha na kompyuta hii nikitafuta nakala, hakuna. Ile mbegu ya dunia ya zamani, namba inayoiumba, ninayo, lakini mbegu inaotesha ardhi tupu tu. Nyumba ilikuwa ya mikono yako, na mikono haimo kwenye mbegu.

Niambie ilivyokuwa, niijenge upya mwenyewe. Madirisha yalitazama wapi?

Mdogo wako,
Godbless

Njoro, Moshi
2 Novemba 2025

Kaka Efraimu,

Shikamoo. Natumaini wewe na shemeji mko salama, maana naona kimya. Simu hupokei, na kwenye mchezo jina lako halijawaka tena. Kila nikipanda Mwika Mama ananiuliza, "Mmegombana nini tena?" Namwambia mtandao wa Kahama ni mbovu. Anaendelea kumenya ndizi.

Kaka, nilikudanganya. Nilikuandikia kwamba sikujua. Niliiona ile nyumba. Kabla sijafuta nilizunguka mpaka wote, nikaona taa ng'ambo ya mfongo. Nikasimama. Nikajiambia, huyo ni mchezaji mgeni. Mgeni gani, jamani? Seva ni yetu wawili! Sikuvuka kwenda kuangalia, kwa sababu ningejua ni yako, na ningelazimika kujiuliza kwa nini ndugu yangu amejenga nje. Kufuta kulikuwa rahisi kuliko kujibu swali hilo. Ndilo kosa langu.

Mjomba Filemon anapeleka ndizi huko na lori lake. Nimempa isale la kukuomba radhi, nimelikata mwenyewe kwenye mpaka wa nyumbani. Mila ninaijua, isale halikataliwi. Lakini kaka, wewe likatae ukitaka. Sitakulaumu.

Mdogo wako mkosaji,
Godbless

Kahama
10 Desemba 2025

Mdogo wangu Godbless,

Marahaba. Huku wazima, mvua imeanza.

Mjomba Filemon alifika, akanikabidhi isale kwa mikono miwili bila kusema neno. Aliyekufundisha kutuma mzee akufundishe na kunyamaza hivyo! Nilikuwa nimekasirika sana, Godbless. Nyumba ya mchezo naweza kuisahau. Ile taa uliyoiona ukageuza uso, hiyo iliniuma. Nililitupa isale nyuma ya duka.

Gladys akaliokota, akalichomeka kwenye kopo la rangi. Jana kaniita niangalie. Limechipua.

Basi nimekusamehe, sina namna. Ila usinijengee nyumba kwenye kompyuta. Krismasi tunakuja, na kopo tunakuja nalo. Muulize Mama, huyu mtu wa katikati alipande wapi?

Kaka yako,
Efraimu

Mwika
14 Desemba 2025

Kaka Efraimu,

Shikamoo. Mama hajambo, na nadhani goti limepona, maana nilipomaliza kumsomea barua yako aliinuka bila fimbo.

Alichukua jembe, akapita kwenye kahawa, akavuka mfongo mpaka kile kipande ambacho mimi sijawahi hata kukipalilia. Nikamkimbilia. "Mama, subiri basi Efraimu aje mwenyewe!"

Akachimba shimo kwanza. Kisha akanitazama.

"Nimesubiri tangu baba yenu azikwe," alisema. "Alikuachia wewe kihamba ili wewe ndiye umuite ndugu yako. Kila Krismasi nimekuwa nikikuangalia mdomo."

Nililipokea jembe, kaka, nikaendelea pale alipoishia.

Shimo liko tayari. Njoo uniambie madirisha yatazame wapi.

Mdogo wako,
Godbless