Fimbo za Mashoto

Jumatatu, 3 Machi
Mazoezi asubuhi, kama kawaida. Mipira michache, nikakaa chini. Tumbo limejaa maji tena. Daktari alishasema ini limekwisha, tusidanganyane.
Alhamisi fundi wa fimbo za gofu anakuja kutoka Dar. Maisha yangu yote nimepigia fimbo za mitumba zilizokatwa kwa vimo vya watu nisiowajua. Safari hii napimwa mimi. Naumwa, sawa. Sijafa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepimwa. Kimo, vidole, kifundo cha mkono mpaka sakafuni. Nikaambiwa nipige. Mpira ukajikokota kwenye nyasi. Nikapiga tena, magoti yakaachia. Fundi akanidaka.
"Pole, mzee. Tuzifanye nyepesi, na fupi kidogo."
Fupi! Nimemwambia asikate kitu mpaka Jumatatu. Hasira mpaka sasa.

Jumapili, 9 Machi
Dada yangu kaja kutoka Mlali na karoti zake, pamoja na mwanawe Kobelo. Kobelo kauliza fimbo mpya zitakuwa tayari lini. Mimi bado nakunywa uji, yeye kesharithi.
Kwetu Waluguru vitu vya mjomba ni vya mpwa. Hata mimi baiskeli ya mjomba niliipata hivyo, sikuona ubaya. Lakini Kobelo hachezi. Ataziuza kabla matanga hayajaanuliwa. Binti yangu Fausta ndiye anayecheza. Ni wa mashoto. Amejilazimisha kupigia kulia kwa sababu fimbo za nyumbani ni zangu. Na bado ananishinda. Hatapata hata moja. Hilo linaniuma kuliko ini.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekwenda na Fausta. Nikamwambia fundi, mpime huyu. Fausta akagoma: "Baba, hizi si zako?" Nikamkaripia mbele za watu. Vibaya.
Akapimwa. Kimo chake, vidole vyake vyembamba, mkono wa kushoto. Akapewa fimbo ya mashoto ya kujaribia. Mpira ukapaa kuelekea milimani, tukaupoteza. Sijaona kitu kizuri hivyo mwaka huu. Alipogeuka alikuwa analia. Ameshaelewa.

Jumamosi, 5 Aprili
Fimbo zimefika. Dada na Kobelo walikuwepo. Kobelo akachomoa moja, akasimama nayo, akaigeuza huku na huku. Inapiga kinyume. Akauliza kama fundi amekosea. Nikasema ndiyo, kakosea, na Morogoro hii nani atazinunua?
Dada akanitazama sana. Tumelala mkeka mmoja utotoni, uongo wangu anaujua. Nilidhani ataanzisha ugomvi.
"Kama hazina kazi," akasema, "aachiwe Fausta."
Kisha akaenda jikoni kumenya karoti.

Jumatano, 9 Aprili
Sitoki tena. Wameniwekea kiti barazani. Ukungu umefunika Uluguru. Fausta anapiga mipira ya karatasi uani, mama yake anagomba kwa ajili ya madirisha.
Kaniletea moja niishike. Nyembamba mno, fupi mno. Hainikai mkononi hata kidogo. Nimefurahi.