Tenki Lilikuwa Limejaa

Matema, 4/8/2024

Shemeji Hezroni,

Tupokigwe amekufa. Unajua, ulikuwepo msibani, ulisimama kule kwenye migomba kama mpita njia. Naandika hivyo kwanza ili tusizungushane.

Ugonile, umeamkaje? Mimi mwili mzima. Binti yetu Tusajigwe anakula kidogo. Mama yenu anakohoa ila anatembea.

Simu yako sipokei. Sauti yako na ya marehemu ni moja, nikikusikia nitakubali tu. Andika, mpe konda wa gari lolote la huku. Karatasi naisoma mara mbili.

Hospitali ya hapa walisema akapasuliwe tumbo Mbeya. Gari lao la wagonjwa lilikuwa safarini. Ukasema, dada yangu nampeleka mwenyewe na basi langu. Nikakuambia, shemeji, leo acha hayo mafuta ya chipsi, weka dizeli tupu. Ukasema sawa, tutajaza Kyela mjini.

Tumefika Kyela hukusimama. Kituo cha mafuta nilikiona kwa dirisha kinapita. Isongole kwenye ukungu basi likakohoa, likazima. Nikambeba nikampandisha lori la viazi. Amekufa kabla ya Uyole, kichwa kwenye mapaja yangu.

Kwa nini hukusimama Kyela?

Shemeji yako,
Anyosisye


Uyole, 11/8/2024

Shemeji wangu Anyosisye,

Ugonile, na nyumba yote. Sisi huku tunapumua. Baridi bado kali, vidole havishiki kalamu vizuri, usicheke mwandiko. Mwambie mama anywe maji ya moto, asilale na dirisha wazi.

Umeniuliza nikujibu. Sikusimama kwa sababu tenki lilikuwa limejaa. Basi langu unalijua. Naliwasha na dizeli ya tenki dogo, maji ya rejeta yakipata moto yanapasha tenki kubwa, nageuza koki, tunapanda mlima na mafuta ya chipsi. Miaka mitatu hivyo. Watu wanaliita Kikaango, abiria wanashuka wanatafuta chakula. Mimi mbele nimeandika Ndaga Fijo, asante sana, maana lilinilisha wakati dizeli imenishinda. Mlima ule halijawahi kunizimia.

Alfajiri ile nikafungua tenki kubwa, nikakuta limejaa mpaka shingoni. Dada yuko kiti cha nyuma anauma meno. Nikasema nikisimama Kyela, kumwaga yale, kujaza dizeli, nampotezea muda. Nikapita. Basi.

Gari ni chuma, shemeji. Fundi anasema ni pampu.

Nataka kuleta saruji tujengee kaburi kabla ya mvua. Na wewe rudi kazini. Nikishamaliza na fundi nitahitaji mtu wa kupakia juu na kuchuja mafuta. Hakuna anayechuja kama wewe.

Shemeji yako,
Hezroni


Matema, 18/8/2024

Shemeji,

Ugonile. Tuko hivyo hivyo. Mama kikohozi kimepungua.

Umesema tenki lilikuwa limejaa. Jioni ya kuamkia safari nilitumbukiza kijiti mwenyewe. Lilikuwa nusu. Pipa la akiba tupu, wa chipsi wa Kyela hawakuleta. Wewe mwenyewe ulisema tungoje walete ndiyo tuondoke. Halafu alfajiri limejaa. Nani alijaza? Usiku mimi nilikuwa ndani na mgonjwa.

Na mambo ya pampu simwamini fundi wala wewe. Konda wako Moses amepita hapa. Nimempa chai, nimemuuliza. Anasema tulipoondoka na lori ulifungua chujio la injini. Akaja kukushikia spana, ukamwambia, "Nenda kanunue mahindi ya kuchoma." Anasema, "Baba, mahindi Isongole kwenye ukungu ule, nani anachoma?" Aliporudi chujio halipo. Wewe umekaa kwenye tairi, mikono ina mafuta, unalia.

Mtu anayelia kwa sababu ya pampu simjui. Uliona nini?

Watu wote wananificha. Hata Atupele, yule aliyekuwa anakaanga samaki na mke wangu ufukweni. Anapika uji anamletea mama, mimi akiniona anakata kwa nyuma ya nyumba.

Saruji usilete.

Anyosisye


Uyole, 7/9/2024

Shemeji wangu,

Ugonile. Natumaini mmeamka salama, na Tusajigwe anakwenda shule, na mama kikohozi kimeisha kabisa, na kakao yenu mmeanika. Huku viazi vimeshuka bei, watu wanalia. Jirani yangu kafunga ndoa, tulicheza kidogo kwa heshima yake.

Kuhusu chujio, lilikuwa chafu nikalitupa. Chujio chafu ndivyo linavyofanywa. Moses anaongea kuliko honi.

Kama unamtafuta mwenye kosa, ni mimi. Mimi ndiye dereva, mimi ndiye mwenye basi. Waambie watu hivyo hivyo. Atupele mwache, usimsumbue na maswali.

Shemeji yako,
Hezroni


Matema, 16/9/2024

Hezroni,

Salamu umepata.

Mtu hakubali kosa haraka hivyo. Umekubali ili ninyamaze. Na Atupele nani alikuambia namsumbua? Unamlinda kwa nini?

Nimefikiri nikibeba mizigo. Siku hizi nabeba kakao ya watu Ipinda, basi lako sitaki kuliona. Nimefikiri hivi: wa chipsi hawakuleta, ukaona hasara kuweka dizeli safari nzima, ukatafuta takataka za bei chee Kasumulu mpakani ukajaza. Dada yako yuko nyuma anauma meno, wewe unabana matumizi.

Jana baada ya ibada nilisimama. Nikasema mbele ya watu, Hezroni kamuua dada yake. Mama yenu alikuwepo. Alijifunika uso na kanga. Wanawake wakamshika wakamtoa. Mzee mmoja akaniambia, "Anyosisye, kaa chini." Nikamwambia nimekaa tangu mwezi wa saba.

Jibu sawasawa. Usipojibu naenda polisi Kyela.

Mume wa Tupokigwe


Uyole, 21/9/2024

Shemeji,

Ugonile.

Nenda polisi. Wakiniita nitashuka mwenyewe, nitasema tenki nilijaza mimi. Ukiniuliza mbele yao nitasema hivyo hivyo.

Mama mtunze.

Kaka wa Tupokigwe


Matema, 12/10/2024

Shemeji,

Ugonile. Mama mzima. Jana alikula wali na samaki, akaomba tena. Tusajigwe anakwenda shule. Mimi mgongo unauma, kwingine mzima.

Nimekaa bila kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi. Naanza tu.

Polisi sikwenda. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Barua yako iko mfukoni. Atupele akanikuta njiani, sijui nani alimwambia, labda Moses. Akanishika shati mbele za watu.

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kumfungisha shemeji yangu anayenyamaza."

"Basi nifungishe na mimi. Tenki nilijaza mimi."

Nikamwambia usinichezee. Akakaa chini pale pale kwenye mchanga. Akasema jioni ile ya kuamkia safari, nilipokwenda kuchukua karatasi za hospitali, alikuja kumwona mgonjwa. Tupokigwe akainuka, akaegemea mlango. Akamwambia, "Mafuta yangu ya kukaangia yapo madumu mawili nyuma ya jiko. Kamiminie kwenye basi la kaka. Ameniambia tungoje wa chipsi. Mimi kungoja siwezi."

Atupele akamwambia, "Kaka yako si alikataza mawese?" Kweli ulikataza, hata mimi ulinikataza, tangu mwanzo. Ulisema alizeti tu. Mke wangu akacheka, anacheka ameshika tumbo. Akasema, "Basi la kaka linachagua chakula kama mama mkwe. Mafuta ni mafuta. Usimwambie, atayamwaga."

Akachana kanga yake ile ya maua ya njano, akampa ya kuchujia. Atupele kachuja haraka haraka, giza linaingia. Kitambaa kikachanika. Kipande chake kikaingia na mafuta. Akaona si kitu.

Shemeji, mimi sikumwamini hata yeye. Nilisema mmepanga. Nikachukua chupa, nikatia mawese kama yale, ya Atupele. Nikapanda gari la watu hadi Isongole. Kyela yalikuwa yanacheza kwenye chupa kama chai. Tukuyu yameingia wingu. Isongole nikashuka pale pale tulipozima, asubuhi, ukungu. Nikakaa kwenye jiwe. Nikanywa chai ya mama mmoja, anauliza, "Unamsubiri nani?" Nikasema hakuna. Nikafungua chupa nikaipindua.

Hayakutoka.

Hapa kwetu kila mtu anajua mawese yanaganda asubuhi mwezi wa sita. Unaweka chupa juani, yanayeyuka, unapika. Mimi nimekula mawese tangu natambaa. Hata siku moja sikufikiri basi nalo linaona baridi. Naye hakufikiri.

Sasa najua uliona nini. Ulifungua chujio, pale moto wa rejeta haufiki, ukakuta mafuta mekundu yameganda, na kitambaa cha maua ya njano. Kanga ile ulimnunulia wewe, sikukuu ya Krismasi. Ndiyo maana ulimtuma Moses mahindi. Ndiyo maana ulisema ni wewe. Ulikubali nikuite muuaji mbele ya mama yako ili nisiseme ni yeye.

Ungeniambia. Ningekasirika nawe wiki moja. Hii imekuwa miezi. Usinifiche tena, mimi kufichwa kunanifanya mbaya.

Yeye simlaumu. Nimejaribu, imeshindikana. Alitaka kupona. Alitaka tuondoke alfajiri, na tukaondoka alfajiri.

Mama asijue. Atupele nimemwambia afunge mdomo, analia lakini amekubali. Nimemwambia pia asikate kwa nyuma ya nyumba, apite mbele. Kesho kutwa Jumatatu akileta uji nitakula na mimi.

Jumapili iliyopita, sijui kama Moses amekuambia, nilisimama tena kanisani. Mzee yule akaanza, "Anyosisye, kaa chini." Nikamwambia leo nakaa mwenyewe, nisikilizeni kwanza. Nikasema Hezroni hakumuua dada yake. Mara ile nilisema kwa uchungu. Gari lilizima tu kwa baridi. Mama yenu hakujifunika. Alinitazama mpaka nikakaa.

Barua zako nimeziweka kwenye moto wa jiko. Hii nayo soma, uchome.

Saruji lete. Mvua zinakaribia. Mchanga nimeshabeba toka ziwani, upo karibu na kaburi nimeufunika na makuti. Usilete fundi, tutajenga wawili.

Moses anasema Ndaga Fijo limepona, linashuka kesho kupakia. Pipa nimeliosha kwa maji ya moto na sabuni. Nimelinusa, halina mawese. Wa chipsi wa Kyela wameleta madumu, nimechungulia kila dumu, ni alizeti. Kijiti kipo.

Kesho narudi kazini.

Shemeji yako,
Anyosisye